Bwana Afya Alikuwa Anazima Injini

Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa tano, mahindi yakiwa yamekauka shambani yakisubiri kuvunwa, tulimpoteza Bwana Afya. Nasema tulimpoteza ingawa hakuwa ndugu yetu, na siku ya kumuaga hatukuwekwa upande wa wafiwa. Alikuwa afisa wa afya wa serikali, mtu wa kukagua vyoo, mashimo ya taka na majiko ya migahawa, kutoka Kasulu mpaka kwetu Busunzu. Huku kwetu yeyote mwenye kazi hiyo anaitwa Bwana Afya. Jina lake halisi nililisikia mara moja tu, siku ile ile, likisomwa kwenye kipaza sauti, na nilichelewa kuelewa kwamba anatajwa yeye.

Walisoma wasifu wake. Walisema alihamasisha ujenzi wa vyoo bora, alipambana na kipindupindu, alikuwa mtumishi asiyechelewa kazini. Yote ni kweli. Choo tunachotumia nyumbani kimetokana naye. Lakini nilisubiri waseme kuhusu nyimbo, na hawakusema hata neno moja.

Na waimbaji walikuwepo. Walikuwa wamesimama kwenye uzio wa ofisi, nyuma ya magari: akina mama watano kutoka Kagerankanda, mzee mmoja na inanga yake, kinanda cha ubao na nyuzi, amebeba kifuani kama mtoto, na kaka yangu. Nilimwendea mshehereshaji nikamwambia, "Mwanangu, hawa wameimba mbele ya marehemu miaka mingi. Wape hata wimbo mmoja."

Akaangalia karatasi yake. "Mama, ratiba imeshafungwa. Halafu burudani ipo."

Burudani ilikuwa spika mbili na flashi. Aliyekuwa akiimba ndani ya flashi alikuwa mtu wa mbali ambaye Bwana Afya hakuwahi kumwona, na wala hajui kama wilaya yetu ya Kibondo ipo. Nilirudi kwenye uzio. Sikulia. Nilikuwa na hasira, na mpaka leo ninayo. Mimi niliishia darasa la saba, wala kuandika si kazi yangu, lakini wasifu ule ulikuwa na shimo katikati na sioni mwingine anayetaka kulifukia.

Jambo la kwanza la kujua kuhusu mtu huyu ni kwamba alikuwa anazima injini kwenye miteremko. Nchi yetu ni ya vilima. Ukitoka kijiji kimoja kwenda kingine lazima ushuke mpaka kwenye daraja halafu upande. Yeye akifika juu ya mlima alizima pikipiki ya serikali, akaiacha iteremke yenyewe, yeye na breki tu. Alisema ni kubana mafuta. Madereva wenzake walimwambia atavunjika shingo. Lakini kwa sababu ya ule ubahili wake wa mafuta, alikuwa anasikia. Mtu anayepita na injini inayonguruma hasikii kitu. Yeye aliteremka kimya, na vilima vyetu vinabeba sauti. Alisikia nani anaimba akipukuchua mahindi, nani ana gitaa nyuma ya nyumba, watoto wa shule wametunga nini wiki hiyo. Alikuwa na daftari la vyoo, na pembeni ya vyoo, kwa kalamu nyekundu, aliandika waimbaji. "Nyumba ya nne kutoka mtoni, choo hakina paa, mwanamke ana sauti nzito." Niliona mwenyewe.

Tatizo lilikuwa kwenye daraja. Pale ilibidi awashe injini ili apande mlima wa upande wa pili, na sisi tuliokuwa juu tukamsikia.

Wazazi wetu walikuja kutoka Burundi. Sasa tuna karatasi za uraia, lakini tulikua tukijua kwamba afisa mwenye daftari si mtu wa kusubiriwa. Na kweli hatukuwa na choo. Tulikuwa na shimo na magogo mawili, na mbele yake kipande cha turubai. Kwa hiyo ikisikika injini ile darajani, mama alipiga kelele, "Mawe we, mama yangu! Amekuja huyo!" Mimi nakimbilia turubai kuliweka sawa, kaka anakamata gitaa lake anaingia migombani. Gitaa lenyewe alilichonga kwa mkono, nyuzi zake ni waya za breki za baiskeli. Bwana Afya akifika anamkuta mama peke yake anachambua maharage, mtulivu kabisa.

"Mwakeye, mama."

Ilikuwa alasiri. Mwakeye ni salamu ya asubuhi. Alikaa huku miaka na miaka na hakujifunza nyingine.

"Mwakeye, mzee."

"Nani alikuwa anaimba hapa?"

"Hapa? Hakuna anayeimba. Labda ni redio."

"Redio iko wapi?"

"Imeharibika."

"Imeharibika lini?"

"Sasa hivi tu, mzee."

Akaandika kitu, akaondoka. Tukacheka mpaka tukakaa chini. Mchezo huo tuliucheza karibu mwaka mzima, na hatukujua kwamba mwenzetu hakuwa anatafuta choo. Kila mara alipanda mlima kwa ajili ya ule wimbo, na kila mara sisi tukaukatisha kwa ajili ya shimo.

Mara ya mwisho ya mchezo huo aliacha pikipiki darajani akapanda kwa miguu. Alimkuta kaka kwenye kigoda, macho amefumba, katikati ya wimbo. Kaka alipofumbua macho aliruka.

"Kaa chini. Malizia."

"Mzee, choo tutachimba. Naomba wiki mbili tu."

"Nimekuuliza habari ya choo? Malizia."

Akamalizia. Ulikuwa wimbo wa mbuzi wa jirani aliyekula karatasi za uraia akawa raia kabla ya mwenye mbuzi. Kaka aliutunga kwa Kirundi na Kiha vikichanganyika, kama tunavyoongea. Bwana Afya hakuelewa nusu ya maneno, akamuomba mama amfafanulie, na alipoelewa alicheka hadi akavua miwani. Akaomba wa pili. Akaomba wa tatu. Kisha akasimama, akavaa miwani yake, akasema, "Haya. Sasa nionyesheni choo."

Tukadhani anatania. Alituandikia notisi ya siku thelathini.

Ndivyo alivyokuwa, na kuna watu hawakumsamehe kwa hilo. Akina mama wa Kagerankanda aliwapenda kuliko waimbaji wote, na mmoja wao alimfungia mgahawa kwa sababu ya nzi. Alifunga asubuhi, na mchana akaenda kwenye mazoezi yao akakaa mbele. Yule mama akamwambia, "Umenifungia biashara halafu unakuja kunipigia makofi?" Akajibu, "Nzi ni wako, wimbo ni wako. Vyote nimevikagua." Na hayo makofi yenyewe! Hakuwahi kupiga hata moja likaenda na ngoma. Alipiga kama mtu anayeua mbu.

Alirudi kwetu mwezi uliofuata, na waya mbili mpya za breki mfukoni. Akapima shimo tulilochimba, akasema lichimbwe zaidi. Kisha akakaa, akamgeukia kaka akauliza neno ambalo watu wote aliowatembelea wanalijua.

"Mpya?"

Kaka akaanza wimbo wa mbuzi. Bwana Afya akainua mkono. "Huo nimeshausikia. Mzuri. Nauliza mpya."

Hakutaka kusikia wimbo wa jana. Mwanzoni tuliona ni dharau. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa anafanya jambo ambalo hakuna mwingine aliyemfanyia kaka yangu: alimtegemea. Mwenye shamba anajua mteja atakuja siku ya gulio, kwa hiyo analima. Kaka alijua Bwana Afya atakuja mwisho wa mwezi, kwa hiyo alitunga. Akitunga vibaya aliambiwa. "Huu ni ule wa mbuzi umevaa koti." Nilimchukia kwa maneno hayo, lakini kaka alirudi migombani na wimbo ukatoka mwingine.

Alikuwa hawapendi wanaosifia marehemu. Nadhani hilo ndilo lililomtia hasira kuliko nzi. Kuna mzee mwingine alipiga inanga maisha yake yote na hakuna aliyemwita hata kwenye harusi ya mpwa wake. Alipokufa, watu walikuja na simu kurekodi mjane akihadithia. Bwana Afya alisimama msibani akauliza mbele ya watu wote, "Mlikuwa wapi? Alikuwa hapa hapa. Mlango wake hauna hata kufuli." Wakasema hana adabu. Labda hakuwa nayo. Lakini walikuwa wapi?

Na mimi nauliza hivyo hivyo. Walimu na manesi wanaopangiwa kazi huku kutoka mikoa mingine wanalalamika kila siku kwamba huku hakuna burudani. Yeye mwenyewe alitoka mbali, lakini aliwachukua Jumapili akawapeleka kwa miguu Kagerankanda kusikiliza. Wengine walirudi wakisema viatu vimechafuka. Viongozi nao wanamkumbuka mwimbaji wanapotaka wimbo wa kampeni, wa kunawa mikono au wa kumkaribisha mkubwa. Mtendaji wetu wa kijiji aliwahi kumwambia kaka atunge wimbo wa vyoo kwa ajili ya mkutano wa Bwana Afya, akidhani anamfurahisha. Bwana Afya akakataa. "Kuhusu vyoo nitaongea mimi, nalipwa mshahara kwa hilo. Huyu akitaka kuimba mbuzi, aimbe mbuzi." Kila mkutano wake ulianza na wimbo mpya wa mtu wa kijiji hicho, na watu walijaa. Wakuu wake waliona anapoteza muda wa serikali.

Siku moja alimpakia kaka mpaka mjini, kwenye redio moja. Niliwafuata kwa gari la mizigo nikawakuta kwenye benchi. Mtangazaji, kijana mwenye vifaa masikioni, alimsikiliza kaka nusu dakika.

"Mzee, hii sauti inakwaruza. Halafu lugha gani hii? Huyu bro ni wa wapi?"

"Wa Busunzu."

"Namaanisha kwao hasa."

"Busunzu."

"Tuletee kitu chenye ubora, mzee wangu. Watu wanataka ngoma kali."

Bwana Afya hakubishana. Aliomba kuonyeshwa choo. Alipotoka alikuwa na daftari mkononi, na akawaandikia notisi ya siku kumi na nne. Choo kilikuwa kibovu kweli, nilikiona. Lakini nitasema ukweli: kama wangepiga ule wimbo, sidhani angeomba kukiona siku ile. Alitumia kalamu ya serikali kwa hasira zake. Nilifurahi, na nilijua si sawa.

Nimeandika hilo ili niweze kuandika hili linalofuata, ambalo ni gumu zaidi.

Kulikuwa na sherehe uwanjani Kibondo. Bwana Afya alihangaika wiki nzima mpaka kaka akapewa nafasi, wimbo mmoja, kabla mgeni rasmi hajafika. Mama alimshonea shati. Walikaa juani tangu asubuhi, waimbaji wote, bila maji, wakati viti vya kwenye turubai vilikuwa vitupu vinasubiri wakubwa. Saa saba kaka akaitwa. Aliimba wimbo mpya kabisa. Watu wa nyuma walianza kusogea mbele, nikaona wanacheka mahali pa kucheka. Alikuwa ameupata uwanja.

Kisha magari yakaonekana. Mshehereshaji akamshika bega, akaongea kwenye kipaza sauti hicho hicho kaka alichokuwa anaimbia. "Fundi, fundi, inatosha! Mgeni wetu huyo!" Wakakata sauti. Kaka akaendelea mistari miwili bila kusikika, mdomo unatembea. Wakaweka wimbo wa kwenye kompyuta, wakubwa wakashuka wakicheza, na watu wale wale waliokuwa wanamsogelea kaka wakageuka kuangalia magari. Kijana mmoja alimwambia apishe, anaziba picha.

Bwana Afya alikuwa amekaa mstari wa pili. Mtu aliyefunga migahawa, aliyeandikia redio notisi, aliyewakemea watu msibani. Nilimwangalia nikingoja asimame. Hakusimama. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kaka alimuuliza siku hiyo hiyo, nyuma ya uwanja. "Mzee, mbona hukusema?"

"Niliogopa," akasema. "Yule anaweza kunihamisha kwa simu moja. Niliogopa, fundi."

Nimekutana na watu wengi wanaofanya hivyo, lakini sijakutana na mwingine aliyekubali kwa mdomo wake.

Kaka alitundika gitaa chini ya paa la jikoni, kwenye moshi. Bwana Afya aliendelea kuja kila mwisho wa mwezi. "Mpya?" Kaka anajibu, "Hakuna." Anakunywa maji, anakagua choo, anaondoka. Mwezi wa pili, hakuna. Mwezi wa tano, hakuna. Ukafika mwaka, ukapita. Mama alianza kumhurumia afisa kuliko mwanawe. Mimi sikumhurumia. Niliona kwamba kaka yangu, ambaye alikuwa na nyimbo nyingi kuliko vijiko ndani ya nyumba, sasa alikuwa analima kimya kama mtu aliyefukuzwa, na waliomfukuza hawakujua hata kama wamemfukuza. Huo ndio ubaya wenyewe. Wangekuwa wamemchukia ningeelewa.

Kisha Bwana Afya akaanza kuumwa. Alilazwa hospitali ya Kabanga, akatoka, akalazwa tena. Tukadhani hatutamwona.

Alikuja mwezi wa nne, amepakiwa na bodaboda wa hapa hapa kijijini, koti kubwa, shingo imekuwa nyembamba. Hakuwa na daftari. Alikaa kwenye benchi. Kaka alikuwa pembeni ananoa jembe.

"Mwakeye, mama."

Ilikuwa saa kumi jioni.

"Mwakeye, mzee."

"Fundi. Mpya?"

"Hakuna, mzee."

Akatikisa kichwa. Akaomba aelekezwe chooni, kana kwamba hakijui. Safari hii hakuenda kukagua, alikwenda kwa haja yake. Mlango wa choo chetu hauna komeo. Sisi wenyewe tukiwa ndani tunakohoa au tunaimba ili mtu asije akafungua. Tulisahau kumwambia. Lakini alikuwa ameingia vyoo vingi vya kwetu kuliko mtu yeyote, na alijua.

Akaanza kuimba.

Hatukuwahi kumsikia akiimba. Sijui nieleze vipi. Sauti ilianza chini ya mahali inapotakiwa, ikapanda ikapita, ikashuka kwa kujikwaa. Ulikuwa wimbo wa mbuzi, ule wa siku ya kwanza, Kirundi chake ni balaa, mbuzi mwenyewe alikuwa amegeuka kuwa mtu na karatasi zimekuwa majani. Aliimba kwa bidii, kwa sababu mlango ulikuwa hauna komeo. Mama alijifunika mdomo na kanga. Nikamwangalia kaka. Alikuwa ameinamia jembe, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu uwanjani.

Bwana Afya alitoka, akanawa kwenye kibuyu chirizi, akajifuta kwa koti.

"Wekeni komeo," akasema. "Hii si haki." Akapanda pikipiki, wakaondoka.

Hawajafika darajani kaka aliingia jikoni. Alishusha gitaa, akapangusa masizi kwa mkono, waya moja ilikuwa imekatika. Alikaa kwenye kigoda akaanza na ule mwendo wa Bwana Afya, ile sauti inayopanda ikapita, akaigeuza ikawa kitu. Maneno yalikuja yenyewe: mtu mkubwa yuko chooni, mlango hauna komeo, anaimba ili asionekane, na kadiri anavyoimba ndivyo kijiji kizima kinavyojua alipo. Mama alianza kupiga makofi. Niliangalia mlima wa upande wa pili. Pikipiki ilikuwa inapanda. Halafu ikasimama katikati ya mlima. Ilikaa pale mpaka wimbo ukaisha, kisha ikaendelea.

Sikujua ilisimama kwa nini. Inaweza kuwa tairi. Inaweza kuwa alizidiwa. Sikutaka kujidanganya, kwa hiyo sikumwambia kaka kitu. Bwana Afya hakurudi tena.

Siku ya kumuaga, pale kwenye uzio, flashi ikiimba, yule dereva wa bodaboda alikuja kusimama karibu yangu. Nikamuuliza.

"Dada, ni yeye," akasema. "Tukiwa katikati ya mlima akanigonga mgongoni, zima injini. Nikamwambia mzee, hapa tutaserereka nyuma. Akasema weka jiwe. Nikashuka nikaweka jiwe nyuma ya tairi."

"Halafu?"

"Akasikiliza. Alicheka mpaka akakohoa, nikaogopa. Nikamwambia mzee, twende, baridi inaingia. Akasema ngoja amalizie."

"Akasema nini kingine?"

"Ulipoisha akasema, 'Mpya hiyo. Toa jiwe, twende.'"